Pumzi ya Mjomba Matano

Bendi ya Radi ya Kiangazi iliishi miezi kumi na minane tu, na wapo watu wa Ukunda wanaosema hata hiyo ilikuwa mingi. Ukiwauliza kwa nini ilivunjika, kila mmoja atakupa sababu yake. Huyu atasema ni meneja mpya wa hoteli, aliyetaka nyimbo za kuteremshia chakula na si za kukipandisha. Yule atasema ni Abdurahman mwenye besi, aliyepata kazi ya meli akaenda zake bila kuaga vizuri. Wazee wa Kinondo watakuambia ni mashati ya kanga. Chande, aliyeianzisha, hajabishana na yeyote kati yao. Yeye anajua kwamba Radi ilivunjikia mbele ya mlango wa Bi Jumwa, siku ya arusi, baada ya sala ya alasiri, na anamjua aliyeivunja.

Kabla ya gitaa kulikuwa na nzumari, ile zumari ya Wadigo. Matano, kaka wa mama yake Chande, ndiye aliyekuwa mpiga nzumari wa Kinondo, na kwa Wadigo wa zamani mpwa ndiye mrithi: shamba, minazi, hata ufundi wa mtu huteremka kwa mtoto wa dada. Masheikh walilipinga jambo hilo kwa hoja za vitabu. Watu wakawaitikia kwa adabu, kisha wakaendelea kama kawaida yao. Nzumari haikuwa na sura yake kitabuni, kwa hiyo hakuna aliyeshuku itakwenda kwa nani.

Sifa ya Matano ilikuwa moja, nayo ilimtosha: hakuna aliyewahi kumsikia akivuta pumzi. Alikuwa akijaza hewa mashavuni, akaisukuma hiyo huku pua ikiingiza nyingine, na sauti ikawa inatoka tu kama maji ya mfereji ambao mwenyewe amesahau kuufunga. Watu walimwita Matano Hapumui, na yeye alilipokea jina hilo kwa unyenyekevu wa mtu anayelipenda mno.

Jina lile lilikuwa na kazi yake. Kwao Kinondo, bwana arusi alipofika na watu wake kumchukua mke, alikuta mlango umefungwa. Ndani wamejazana wanawake, nje amesimama mpiga nzumari, na shindano linaanza. Akiweza kuupiga wimbo wa mlango bila kukata pumzi mpaka wanawake wachoke kungoja, anafunguliwa. Pumzi ikikatika, hata kwa kiasi cha kupepesa jicho, wanawake wanapiga vigelegele vya dhihaka, wanatoka, wanamfunga kanga kiunoni mbele ya kadamnasi, kisha anaanza upya akiwa ameivaa. Wapiga nzumari wa Msambweni walishafungwa. Mmoja wa Funzi alifungwa mara mbili katika arusi moja, akarudi kisiwani kwake na inasemekana hakuvuka tena. Matano, kwa miaka thelathini, hakuwahi kufungwa. Na karibu miaka yote hiyo, aliyeongoza wanawake wa ndani alikuwa Bi Jumwa, mwanamke mwenye sikio kali na ulimi mkali zaidi.

Chande alianza kufundishwa akiwa na miaka tisa. Alipewa bua la jani la mpapai na kikombe cha maji: puliza, mapovu yasikatike. Wimbo wa mlango huzunguka, ukiisha unaanza tena, na mjomba alikuwa akiuimba polepole huku mtoto akipuliza. Mzunguko wa kwanza, wa tatu, wa sita, mapovu yapo. Ukifika wa saba yanakufa. Miaka tisa mizima Chande hakuuona mzunguko wa nane. Mjomba hakumkaripia. Alikuwa akisema, "Itakuja," na upole huo ndio uliomuudhi Chande kuliko fimbo. Alipotimiza miaka kumi na minane alikirudisha kikombe cha watu, akaenda Diani kutafuta kazi.

Aliipata hotelini, kwenye chumba cha kupigia pasi mashuka. Ilikuwa imepita miaka minane tangu bendera ya uhuru ipandishwe, na pwani ile ilikuwa imeanza kujaa wageni wa kila namna. Waliokuja na masanduku walilala ndani. Nje, kwenye mchanga, walipiga hema vijana wa Kizungu waliotoka kwao kwa gari bovu, miguu pekupeku, nywele mabegani, na watu wakawaita mahipi. Walikuwa na gramafoni ya betri na santuri zilizokwaruzika. Muziki wao ulikuwa bluzi, lakini bluzi iliyopitishwa motoni: magitaa yaliyolia, yaliyokoroma, yaliyovutwa mpaka noti ikasimama mahali ambapo piano haina kitufe. Wapishi waliziba masikio. Chande alisimama na pasi mkononi mpaka akaunguza shuka. Alikuwa akiijua sauti ile. Ilikuwa nzumari.

Mmoja wa mahipi wale, alipoondoka, alimwachia gitaa la umeme kwa sababu alikuwa amechoka kulibeba. Gitaa lenyewe lilitoa sauti safi mno, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Chande alihangaika nalo wiki nzima. Mwisho alichukua wembe, akaipasua karatasi ya spika mahali patatu. Spika ilikuwa ya Abdurahman, mhudumu wa baa, ambaye nusura alie. Kisha Chande akapiga, na sauti ikatoka ikiwa na mikwaruzo na kilio, na wote wawili wakatazamana.

Hivyo ndivyo Radi ilivyozaliwa. Abdurahman alishika besi. Karisa wa jikoni, kijana wa Kigiriama asiyeweza kukaa na vijiko viwili bila kuvigonganisha, alishika ngoma: drams za kizungu mbele yake, na chapuo ya arusi ubavuni. Jioni moja Chande alijikaza akaenda Kinondo kumpigia mjomba wake kile alichokigundua, akitumia redio ya betri badala ya spika, naye alitarajia kufukuzwa. Matano alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Hilo gitaa lako limejifunza wapi kulia hivyo?"

"Kwako, mjomba."

Kesho yake mzee alifika hotelini na nzumari yake imeviringishwa kitambaa.

Nzumari haikazwi nyuzi. Ilivyochongwa ndivyo ilivyo, kwa hiyo ni magitaa yaliyoifuata. Ndiyo maana mwanamuziki mmoja wa Mombasa, aliyewahi kupanda jukwaani kuwasaidia, alishuka akilalamika kwamba bendi nzima iko nje ya sauti. "Lakini tuko nje pamoja," Karisa alimjibu. Nyimbo zao zilichukua dakika ishirini, wakati mwingine arubaini. Karisa alipanga balbu nyuma ya glasi za shurubati, nyekundu, kijani na manjano, na taa zikaupaka ukuta mzima wa baa rangi hizo. Wageni walicheza wamefumba macho. Mara nyingi hawakujua sauti ile ya kulia ni ya nzumari au ya gitaa, kwa maana mjomba na mpwa walikuwa wakipokezana kama watu wanaokula sahani moja.

Vijana walijishonea mashati ya kanga ili wafanane na mahipi. Matano alilikataa lake. "Wanawake wa Kinondo miaka thelathini hawajanifunga kanga," alisema. "Nijifunge mwenyewe kwa ajili ya Wajerumani?" Akaendelea kupiga na kanzu yake na kofia yake, na bila shaka yeye ndiye aliyepigwa picha kuliko wote.

Katika nyimbo zote, uliowatoa wageni vitini ni ule wa mlango. Chande alikuwa ameukokota hadi kwenye bluzi, besi ikitambaa chini, nzumari ikipita juu bila kukatika. Mwezi wa kumi na tatu wa bendi, mtu mmoja mwenye studio Mombasa, nyuma ya duka la redio, aliusikia akawaita waje wautie kwenye santuri.

Fundi wa studio aliitwa Menza, mtu wa Rabai, mpole na mwenye haraka. Nzumari ilimtesa tangu asubuhi. Ilikuwa na nguvu mno, sindano ya mashine ikalala upande mwekundu na kukataa kurudi. Alimsimamisha Matano kwenye ukumbi, akatundika blanketi, akamgeuza uso ukutani. Walirekodi mara tatu. Mzee alipiga vile vile kila mara, bila mwanzo unaoeleweka na bila mwisho, na mara zote tatu Menza alisimama akipunga mikono kumwomba anyamaze. Adhana ya adhuhuri ikalia. Matano akaiweka nzumari yake juu ya kiti, akatoka kutafuta msikiti.

"Sasa sikilizeni," Menza alisema. "Mimi si adui wa mzee. Lakini upande mmoja wa santuri ni dakika tatu na kitu, na huyu hana pa kuingilia wala pa kutokea. Tena mashine haimwezi. Hebu gitaa lipige sehemu ya mzee, nipime tu."

Chande alijua maana ya "nipime tu." Kila mtu aliyewahi kwenda kwa muuza nguo anaijua. Hata hivyo alifumba macho akapiga, na kwa mazoea ya utotoni akajikuta ameibana pumzi kama ana bua la mpapai mdomoni. Vidole vyake vilikwenda na kifua chake. Mzunguko wa kwanza, wa tatu, wa sita. Kwenye wa saba kifua kikashindwa, vidole vikasimama, chapuo ya Karisa ikapita peke yake vipigo viwili. Chande akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho.

"Hiyo hapo," alisema Menza. "Na ule mwanya wa katikati msiuguse. Msikilizaji anapata nafasi ya kumeza mate."

"Na ya mjomba?" Karisa aliuliza.

"Ya mzee siwezi kuitoa, wallahi. Chagueni. Ama hii, ama msiwe na santuri."

Abdurahman alitazama sakafu. Karisa alimtazama Chande. Kulikuwa na maneno mawili ya kusema pale, nayo yalikuwa mepesi: tumngoje, tumuulize. Chande aliyaona yalipo. Lakini aliiona pia santuri, nyeusi, inang'aa, inazunguka madukani kutoka Likoni hadi Lungalunga, na moyo wake ukaitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Itoe hii," alisema.

Matano alirudi na mahamri ya moto kwenye karatasi. Aliwakuta wanafunga vyombo.

"Mbona mapema?"

"Tumemaliza, mjomba," Chande alisema. "Imechukuliwa ile yako ya tatu."

"Alhamdulillahi. Hata mimi ile ya tatu ndiyo niliyoipenda." Akawagawia mahamri, mawili mawili. Karisa aliyashika mkononi tu. Chande aliyala yake yote mbele ya mjomba, na tangu siku hiyo hayatii tena kinywani.

Santuri ilifika Ukunda baada ya miezi miwili. Mwenye duka la vitambaa alikuwa na gramafoni, akaitoa barazani, na watu wakajaa mpaka barabarani. Matano aliwekewa kiti. Sauti ilipotoka, watu wakashangilia kwa jina lake, maana nani asiyejua kuwa mzee alikwenda Mombasa na nzumari yake? Yeye aliinamisha kichwa akasikiliza. Ilipokwisha alisema, "Irudie." Ikarudiwa. "Irudie tena." Mara ya tatu vidole vyake vilikuwa vikihesabu polepole juu ya goti. Chande, aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo, alidhani ni furaha, na roho yake ikatulia kidogo.

"Nimesikia," Matano alisema akiinuka. "Imetoka vizuri."

Kuanzia hapo mzee hakupata kupumzika. Alialikwa Msambweni, akaalikwa Gazi, hata watu wa Funzi walileta mashua ya kumchukua. Kila alipokwenda aliambiwa, tupigie ule wa kwenye santuri, naye kila mara alisema ule una mahali pake, akapiga mwingine. Chande alijiuliza: basi aliyedhulumiwa ni nani? Sifa si ameipata mjomba? Alijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa namna hiyo wiki nyingi, na ikamsaidia mpaka siku alipokutana na Bi Jumwa pale pale dukani, akichagua kanga.

"Shikamoo, Bi Jumwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Nami namsalimu. Ile santuri yenu nimeisikiliza mara nne." Aliikunjua kanga akaitazama kwenye mwanga, kana kwamba habari ya santuri ilikuwa ya kupita tu. "Mimi mjomba wako nimekaa nyuma ya mlango nikimsikiliza tangu nina mtoto mgongoni. Namjua kuliko mkewe. Mjomba wako hapumui. Na yule wa kwenye santuri amepumua, mzunguko wa saba. Sasa niambie, mwanangu, yule nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na Chande aliuona mwisho wa yake pale mbele, umesimama umeshika kanga. "Ni mjomba," alisema.

"Ni Matano?"

"Ni yeye."

"Haya. Mjukuu wangu Kadzo anaolewa Alhamisi ijayo, na nimemwita Matano. Nimemwambia nautaka wimbo ule ule. Nitakuwa nyuma ya mlango. Asipopumua, nitafungua, na nitasema mbele ya watu wote ni nani aliyepiga kwenye ile santuri, na ni nani aliyemla mjomba wake akiwa hai." Akamgeukia mwenye duka. "Nipe hii. Ya bluu."

Siku sita zilizobaki Chande hakula vizuri. Hakuogopa kuchekwa, mtu aliyevaa shati la kanga amekwisha kuzoea. Aliogopa uso wa mjomba wake akisikia habari ile kutoka kinywani mwa mtu mwingine, mbele ya watu, siku ya furaha. Jumatano asubuhi alikwenda Kinondo amekata shauri kusema. Alimkuta Matano uani, anachonga ulimi wa nzumari kwa jani la mvumo, kisu kidogo, miwani kwenye ncha ya pua.

"Karibu. Umekonda."

"Kazi, mjomba." Chande alikaa. Alitazama vile vidole vya mzee, polepole, kwa uangalifu, vikilikwangua jani mpaka likawa jembamba kama ganda la kitunguu. "Mjomba, kesho usiupige wimbo ule. Piga mwingine wowote."

"Bi Jumwa ameutaka huo."

"Najua."

Matano aliinua macho, akayaacha juu ya uso wa mpwa wake kitambo. "Una neno, Chande?"

Neno lilikuwa pale, tayari. Likakataa kutoka. "Sina."

"Haya," alisema mzee, akaurudia ulimi wake. Baadaye alimpa machungwa ampelekee mama yake.

Alhamisi, baada ya alasiri, msafara wa bwana arusi ulifika kwa Bi Jumwa. Bwana arusi, kijana aitwaye Mbwana kutoka Galu, alikuwa akitokwa na jasho katika joho la kuazima. Karisa alikuwa kwenye chapuo. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake wanawake walikuwa wakicheka na kunyamazishana. Chande alisimama hatua mbili nyuma ya mjomba wake. Alikuwa amekwisha kuandaa uongo wa tatu: atasema mashine ya studio ndiyo iliyokata sauti, kwamba mashine hukata. Alikuwa ameufanyia mazoezi njiani, na ninaona vibaya kulisema, lakini alikuwa ameridhika nao.

Matano aliulowesha ulimi wa nzumari mdomoni. Akaanza.

Ndani wakanyamaza. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, sauti imenyooka, mashavu yamejaa, macho ya mzee yanatazama mbao za mlango. Wa nne. Bi Jumwa lazima alikuwa ameweka sikio kwenye tundu la ufunguo. Wa tano. Wa sita, na mjomba hakuwa na dalili ya uchovu hata chembe, na angeweza kuendelea hivyo mpaka magharibi. Chande akaufungua mdomo wake tayari kwa uongo wa tatu.

Mzunguko wa saba, nzumari ikanyamaza.

Mkono wa Karisa, kwa mazoea tu, ukapiga vile vipigo viwili vya peke yake. Matano akavuta pumzi, kwa sauti, kwa mdomo, kama mtu aliyepanda mlima. Kisha akaendelea kutoka pale pale, noti ile ile, kama ilivyokuwa Mombasa siku ya mahamri.

Haikuwa kiasi cha kupepesa jicho. Kila mtu alisikia. Kwa muda mfupi wanawake wenyewe hawakuamini, halafu vigelegele vikalipuka, na mlango ukafunguka, na Bi Jumwa akatoka na kanga yake ya bluu mkononi. Miaka thelathini alikuwa ameingoja saa ile. Alipofika mbele ya Matano hakuonekana mtu mwenye furaha.

"Kumbe ni wewe yule," alisema.

"Ni mimi," Matano alijibu.

"Umezeeka, ndugu yangu."

"Nimezeeka, Bi Jumwa. Nifunge tu, watu wanangoja."

Akamfunga. Alimpitishia kanga kiunoni juu ya kanzu, akaikaza fundo mbele, na watoto wakacheka, na wanaume wa Msambweni waliokuwa kwenye msafara wakacheka zaidi kuliko watoto. Matano alisimama ameinua mikono kidogo, kama mtu anayepimwa nguo. Kisha Bi Jumwa akafanya jambo ambalo Chande hakuwa na uongo wa kulizuia. Alimsogelea Chande, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mbele ya wote. "Nilikudhania vibaya. Dhana mbaya ni dhambi."

Chande alijaribu kusema. Safari hii neno lilikuja lenyewe hadi kwenye meno. "Bi Jumwa, yule si..."

"Chande." Mjomba hakupaza sauti. Alikuwa akifuta ulimi wa nzumari kwa pembe ya ile kanga, bila kumtazama mtu. "Ndivyo ilivyo kwenye santuri. Nimeisikiliza mara tatu."

Wanawake wakarudi ndani, mlango ukafungwa upya kama desturi ilivyotaka. Chande alikumbuka vile vidole juu ya goti, pale barazani, vikihesabu. Mzee alikuwa akijifunza mahali pa kushindwa. Alikuwa amekijua kifua cha mpwa wake tangu enzi za kikombe, na aliposikia pumzi ile ikikatika kwenye mzunguko wa saba hakuhitaji kumuuliza mtu nani aliyepiga. Miezi yote ile alijua. Na jana uani alimfungulia mlango Chande ili aseme, na Chande akabeba machungwa akaondoka.

Matano alianza upya. Ndani hawakuwa wakisikiliza tena kwa makini. Walikuwa wakichekeana na kumsifu Bi Jumwa, na nje watu walikuwa wakisimuliana jambo walilotoka kuliona. Aliyehesabu alikuwa mmoja tu. Wa saba ukapita mzima. Wa nane. Wa kumi na mbili. Sauti haikukatika popote, na hakuna aliyejali.

Kanga ilikuwa kubwa, na Bi Jumwa aliifunga kombo, hata upande mmoja ukawa unaburuta mchangani, na watu wakaukanyaga. Chande aliinama akaiokota ncha ile, akaikung'uta, akasimama nyuma ya mjomba wake ameishika, machozi yakimtoka wazi mbele ya watu wa Galu na Msambweni. Mlango ulipofunguliwa, bado alikuwa ameishika.